Ukurasa wa "usimamizi wa mtandao" kwenye mkataba wa maingiliano: tusaini tu?

SWALI: Mimi ni fundi katika kampuni ndogo ya simu za intaneti hapa Dar es Salaam. Tunakaribia kusaini mkataba wa maingiliano na kampuni kubwa ya simu, ili wateja wetu wawapigie wateja wao na wao watupigie. Kurasa za bei tumezipitia mara kumi. Lakini kuna ukurasa mmoja na nusu unaoitwa "Usimamizi wa mtandao". Unasema kila upande unaweza kutumia "vidhibiti vya kinga" kuzuia au kupunguza simu za upande wa pili mtandao wake ukiwa hatarini, kwamba tutashirikiana kwenye "matukio ya simu nyingi", na kwamba tutabadilishana namba za mawasiliano. Mwanasheria wetu anasema hayo ni maneno ya kawaida, tusaini. Mimi naogopa tunawapa ruhusa ya kutuzimia simu siku wakijisikia. Nani yuko sahihi?

JIBU: Mwanasheria wenu anasema kweli kwamba maneno hayo yamo karibu katika kila mkataba wa aina hii. Na wewe una haki ya kuogopa, kwa sababu jinsi yalivyoandikwa humo yameachwa matupu. Ushauri wangu: msiyafute, yajazeni.

Nianze na sababu ya ukurasa huo kuwepo, maana ukiijua utajua cha kudai. Barabara ikijaa, magari huenda polepole lakini bado yanapita. Swichi ya simu, yaani mtambo unaounganisha mpigaji na anayepigiwa, haiko hivyo. Kila simu inayobisha hodi inakula nguvu ya prosesa hata kama haitafika: namba isomwe, njia itafutwe, simu ikataliwe, ifungwe, iandikwe kwenye kumbukumbu. Na mteja aliyekataliwa hakai kimya, anabonyeza tena papo hapo. Mzigo ukizidi uwezo, swichi inashinda ikikataa simu, na zile zinazokamilika zinazidi kupungua. Kwa hiyo wasimamizi wa mitandao wana kanuni moja wanayoishika kuliko zote: simu isiyo na tumaini la kufika ikatwe karibu na inakotoka, kabla haijachukua nafasi ya nyingine njiani. Inakotoka mara nyingi ni kwenye mtandao wa mwenzako, ambako huna mkono. Mkataba ndio mkono wako huko.

Mfano mkubwa wa mzigo unaojizalisha wenyewe ulitokea Marekani tarehe 15 Januari 1990, kwenye mtandao wa simu za masafa marefu wa kampuni ya AT&T. Swichi moja ya New York ilijizima kidogo, ikajirejesha, na ujumbe wake wa kurudi kazini ukaamsha kosa la programu kwenye swichi jirani. Nazo zikaanguka, zikaamka, zikawaangusha jirani zao, hadi tatizo likaenea kwenye mtandao wenye swichi 114. Ilichukua takriban saa tisa, na mtandao ulitulia wahandisi walipopunguza mzigo wa ujumbe kati ya swichi na swichi. Wale walikuwa kampuni moja yenye uongozi mmoja. Ninyi na wenzenu mtakuwa wawili, kila mmoja na zamu yake, vioo vyake vya uangalizi na bosi wake.

Sasa maneno yenyewe. Pendekezo E.412 la ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, linagawa vidhibiti vya mtandao katika mafungu mawili. Vya kinga ni vile ulivyoviona: kufunga simu za kwenda namba fulani, kuzipunguza, kutenga njia kwa simu za aina fulani, au kuzuia simu zisikimbilie njia ya pembeni ile kuu ikijaa. Fungu la pili ni vya kupanua: kufungulia simu njia nyingine, kwa mfano kupitia kampuni ya tatu, ile ya moja kwa moja inapolemewa. Kwa maelezo yako, ukurasa wenu unataja kinga tu. Ulizeni kupanua kuko wapi. Njia yenu ikijaa saa ya kilele, mnaruhusiwa kupitia kwa kampuni ya tatu, na kwa bei gani? Lisipoandikwa, jibu mtalipata kwenye ankara.

Ndani ya kinga kuna tofauti moja ambayo watu huipita, nami nataka uishike. Simu zinaweza kupunguzwa kwa asilimia au kwa kipimo cha muda. Kwa asilimia, swichi inakata tuseme nusu ya simu: zikija 200 zinapita 100, zikija 10,000 zinapita 5,000, na mlengwa bado anazama. Kwa muda, swichi inaruhusu simu moja, inafunga mlango kwa sekunde kadhaa, inaruhusu nyingine. Hata zije laki moja, zinazopita ni zilezile. Kwa namba moja iliyovamiwa na wapigaji, kupunguza kwa muda ndiko kunakofaa, na kunaumiza watu wachache zaidi. Liandikeni kama chaguo la kwanza.

Nimelijua hili kwa macho yangu. Miaka mingi nyuma nilikuwa zamu Jumamosi asubuhi, kituo cha redio kikatangaza zawadi kwa mpigaji wa tisa. Namba ya studio ilikuwa kwetu, wapigaji wengi walikuwa kwa wenzetu. Kati yetu kulikuwa na E1 moja, yaani njia 30 za sauti, zinazotumika pande zote mbili. Njia 30 zinabeba kama erlangi 20 (erlangi moja ni sawa na njia moja iliyoshikwa muda wote) huku simu moja tu kati ya mia ikikosa nafasi. Kwa simu za dakika tatu tatu, hizo ni simu 400 hivi kwa saa. Dakika mbili baada ya tangazo njia zote 30 zilikuwa nyekundu kwenye kioo changu. Kila simu ilishika njia kwa sekunde chache tu, ikagundua studio inatumika, ikaachia, na kabla sijapepesa macho nafasi hiyo ilikuwa na nyingine. Studio ilikuwa na laini nne. Hata mtangazaji angemalizana na kila mtu kwa nusu dakika, ni watu wanane kwa dakika. Simu moja kila sekunde 5 ni 12 kwa dakika, ingewatosha na kubaki. Zote zilizozidi zilikuwa zinajaza njia bure, na nyuma yake wamo watu waliokuwa wanatafuta daktari, mzazi, fundi wa gari.

Nilianza kuzikata mlangoni kwetu. Lakini kukata mlangoni ni kukata baada ya njia kushikwa. Aliyeweza kuzikata mapema ni mwenzetu. Nikafungua kiambatisho cha mkataba nikapata namba ya chumba chao cha uangalizi, nikainua simu ya mezani, nikapiga. Njia zimejaa! Namba ile ilikuwa ya mtandao wao, na sisi tulifika kwao kupitia zilezile njia 30. Nilikuwa namtafuta mtu wa kuondoa msongamano kupitia msongamano wenyewe. Nikakimbia getini nikaazima simu ya mlinzi, mfuniko wake umefungwa kwa rababendi, yenye laini ya wenzetu. Akapokea kijana mmoja, akanieleza kwa upole kwamba mwenye namba hiyo aliacha kazi mwaka uliopita. Tulipompata mhusika, mshindi alikuwa ameshachukua zawadi yake na njia zilikuwa tupu.

Kwa hiyo sehemu ninayoisisitiza kuliko zote ni ile inayoonekana ndogo: mawasiliano. Iandikeni kwa cheo cha zamu, lisiwekwe jina la mtu. Kila upande utoe angalau namba mbili zilizo kwenye mitandao tofauti, moja iwe ya kampuni ya tatu, na anwani ya barua pepe inayosomwa na zamu nzima. Ziwe zinapokelewa saa 24. Kisha ngazi: asipopokea wa zamu ndani ya dakika 15, anapigiwa msimamizi wake; ikifika saa moja, mkuu wa ufundi. Mnaweza kukubaliana dakika nyingine, ila zisikosekane. Orodha ihakikiwe kila miezi mitatu, na mabadiliko yatolewe taarifa kabla hayajaanza.

Sasa hofu yako ya kuzimiwa simu. Dawa yake si kuwakataza wasitumie vidhibiti, maana siku swichi yao ikizama, simu za wateja wenu nazo zinazama nayo. Dawa ni kukifunga kidhibiti kwa masharti. Kitumike kwa sababu ya kiufundi inayoweza kuonyeshwa. Kiguse namba au eneo lenye tatizo tu, kisifunge mkondo wenu wote. Mpewe taarifa kabla, au ikishindikana, ndani ya dakika chache baada ya kuanza, ikitaja namba zilizoguswa, aina ya kidhibiti, saa ya kuanza na makadirio ya kumalizika. Kiondolewe sababu ikiisha. Na lililo kubwa: simu zenu zipunguzwe kwa kipimo kilekile wanachopunguzia simu za wateja wao kuelekea mlengwa huyohuyo. Wakiruhusu kwenu moja kila sekunde 5 na za kwao zinapita zote, huo si usimamizi wa mtandao, ni ushindani. Wazo la usawa huu si geni. Sheria ya mawasiliano ya Marekani ya mwaka 1996, kifungu cha 251, inazitaka kampuni kongwe za simu ziwaunganishe wenzao kwa ubora usiopungua ule zinaojipa zenyewe. Mkilipata sharti hili kwa maandishi, siku ya mgogoro mtakuwa na cha kuweka mezani mbele ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania.

Simu za dharura kwenda 112 zisiguswe na kidhibiti chochote. Sentensi moja inatosha, lakini iwepo.

Kuhusu "matukio ya simu nyingi", neno kushirikiana peke yake halimfungi mtu. Andikeni kwamba upande wenye mteja anayepanga shindano, harambee au uuzaji wa tiketi kwa simu utoe taarifa siku tano za kazi kabla, ukitaja namba, siku, saa na idadi ya laini za mteja huyo. Kwa taarifa hiyo pande zote zinaweka kidhibiti mapema, na siku yenyewe inapita kama siku nyingine. Mikesha ya sikukuu na Mwaka Mpya haihitaji taarifa, kalenda inatosha, ila kubalianeni kwamba hakuna matengenezo yaliyopangwa siku hizo.

Kwa kuwa ninyi ni kampuni ya simu za intaneti, nadhani mtaunganishwa kwa SIP, yaani lugha ambayo mitambo hutumia kuanzisha simu kupitia intaneti, na hapo ukurasa wao una pengo kubwa. Ukomo uandikwe kwa vipimo viwili: simu ngapi kwa wakati mmoja, na simu mpya ngapi kwa sekunde. Kampuni nyingi huandika cha kwanza tu, halafu uvamizi wa simu fupi fupi unaiangusha seva huku hesabu ya simu za wakati mmoja ikionekana salama. Pia kubalianeni mwenzako akilemewa atajibu nini. Akijibu 503, yaani "huduma haipatikani kwa sasa", pamoja na muda wa kusubiri, mitambo yenu iheshimu muda huo na isirushe simu ileile kwenye seva yake ya pili iliyo kwenye hali hiyohiyo. Akinyamaza asijibu kitu ni vibaya zaidi: juu ya UDP, njia ya kutuma data isiyohakikisha kwamba imefika, kwa mipangilio ya kawaida, ombi moja la simu hurudiwa baada ya nusu sekunde, kisha sekunde moja, mbili, nne, hadi linatumwa mara saba ndani ya sekunde 32. Mteja amebonyeza mara moja, swichi iliyochoka imeletewa barua saba.

Ikiwa upande wao bado ni ishara za SS7, mfumo wa zamani ambao swichi hutumia kupashana habari za simu, ulizeni jambo moja zaidi. Swichi iliyolemewa inaweza kuambatisha kiwango cha msongamano, 1 au 2, kwenye ujumbe wake wa kuachia simu, na swichi inayotuma ikapunguza mzigo yenyewe bila mtu kupigiwa. Hilo hufanya kazi pale tu pande zote mbili zimeliwasha na zimekubaliana kila kiwango kinapunguza simu kiasi gani.

Wakipendekeza kugawa uwezo wenu katika mafungu madogo, kwa mikoa au kwa aina za simu, pigeni hesabu kwanza. Mdenmaki Agner Krarup Erlang alichapisha kanuni yake ya kuhesabu njia za simu mwaka 1917 na bado inatumika vilevile: njia 120 zikiwa fungu moja zinabeba kama erlangi 103 kwa upotevu wa simu moja kati ya mia, lakini zikigawanywa mafungu manne ya 30 zinabeba 81 tu. Mnalipia 120 zilezile.

Na kama humo ndani wamechomeka ruhusa ya kuzuia simu kwa kushuku udanganyifu, iombeni ihamishiwe kwenye kipengele chake chenye ushahidi na utaratibu wake. Msongamano hupimwa kwa dakika, tuhuma zinahitaji uchunguzi.

Mkishasaini, kabla ya simu ya kwanza ya mteja kupita, fanya jaribio moja mwenyewe. Chagua usiku wa Jumapili, saa nane, upige namba zote za kiambatisho, moja baada ya nyingine, kutoka mtandao usio wao wala wenu. Andika aliyepokea, amepokea baada ya milio mingapi, na kama alijua kampuni yenu ni nani.