Kabla hujasimama barazani: kwa mnaoanza kazi ya miradi ya wafadhili Kisumu

Mwambie mtu wa boda hapa Kisumu akupeleke Russia. Hatakuuliza mara mbili, atakushusha langoni pa hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga. Ilijengwa miaka ya 1960 kwa msaada wa Muungano wa Sovieti, nchi ambayo tangu 1991 haipo tena. Mfadhili alishazikwa, na foleni ya wagonjwa iko palepale, kwa sababu mishahara ya wauguzi iko kwenye bajeti yetu. Ninyi mlioripoti juzi na daftari mpya, anzeni kufikiria kazi yenu mkiwa pale langoni.

Jueni pesa mnazoshika ni za aina gani. Mtambo wa umeme wa Sondu-Miriu, megawati 60, ulioanza kazi 2008, ulijengwa kwa mkopo wa Japani. Riba ni nafuu, lakini mkopo hulipwa, na mama anayenunua tokeni za stima mtaani Nyalenda ni mmoja wa walipaji. Ruzuku hairudishwi, ila ina mkia mrefu wa ripoti, risiti na wakaguzi. Ukisimama kwenye baraza la chifu ukasema Wajapani walitupa stima bure, wazee wa Nyakach, ulipo mtambo huo, watakusahihisha, na haki itakuwa yao.

Halafu kalenda ya mfadhili. Mwaka 1970 Umoja wa Mataifa uliyataka mataifa tajiri yatoe asilimia 0.7 ya pato lao kama msaada kwa nchi zinazoendelea. Uingereza ilifika hapo 2013, ikatunga sheria 2015, ikashuka hadi 0.5 mwaka 2021, na Februari 2025 ikatangaza itashuka hadi 0.3 ifikapo 2027. Marekani ilisimamisha misaada Januari 2025, na kufikia Julai shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa limefungwa. Hakuna karani wa Kisumu aliyekosea hesabu. Kwa hiyo fuatilia siasa za nchi ya mfadhili wako kama unavyofuatilia bei ya mafuta.

Sasa kosa langu. Tulichimba kisima upande wa Nyando, tukafunga pampu ya kutoka ng'ambo, tukakata utepe. Mama mmoja wa kamati ya kisima akaniuliza vipuri vinauzwa wapi. Nikamjibu, "Tutaangalia." (Neno hilo lifuteni kabisa vinywani mwenu.) Mradi ulifungwa, na mwaka haukuisha kabla pampu haijakwama. Kipuri hakikuwepo Kisumu, Nairobi nako hakuna. Wanawake wakarudi mtoni na mitungi yao.

Mradi uliofuata nilianzia kwa mafundi, huko sokoni Kibuye: pampu gani mnaijua, na vipuri vyake mnavitoa duka gani? Waliyonitajia haikupendeza kwenye karatasi, na nilibishana na makao makuu wiki tatu ndipo wakakubali. Kamati ikaanza kuchanga pesa za matengenezo siku ile ile tulipoanza kuchimba, kila boma kidogo kidogo, bila kungoja sherehe ya makabidhiano.

Posho za vikao nazo, msizianzishe ikiwa hamwezi kuziendeleza. Kamati ikizoea bahasha, siku bahasha ikikosekana hata ajenda haisomwi.

Pampu yangu ya ng'ambo bado iko nyuma ya jiko la yule mama, kuku hulala juu yake. Kila nikipita huniuliza kama kipuri kimefika.