Mama amejidunga insulini ya haraka badala ya ile ya usiku: tufanyeje?

SWALI: Assalamu alaykum. Mama yangu ana kisukari na anatumia insulini mbili: glargine uniti 24 akienda kulala, na Actrapid uniti 6 kabla ya kula. Juzi umeme ulikatika, akavuta uniti 24 za Actrapid gizani. Alipona, lakini tulishikwa na hofu usiku kucha. Likitokea tena tuanzie wapi? Twaishi Siyu, na mashua zangoja maji yajae.
– Msomaji, Siyu, Lamu

JIBU: Waalaykumu salaam, dada. Pole sana, na mpe mama pole zetu.

Likitokea tena, msingoje dalili. Actrapid huanza kazi baada ya nusu saa hivi, hupata nguvu zaidi kati ya saa moja u nusu na tatu u nusu, na hukaa mwilini saa saba hadi nane. Kwa hiyo mashine ya kupima sukari ikisoma 11 (mmol/L) mara tu baada ya sindano, msitulie. Dawa haijaanza kazi.

Andikeni saa ya sindano na uniti alizodunga, kisha pimeni sukari. Mmoja apige simu hospitali, mwingine amlishe mama wali au mkate hata kama hana njaa. Asijidunge glargine juu yake mpaka daktari aseme lini na kiasi gani. Muulizeni usiku huo huo, maana mwenye kisukari cha aina ya kwanza hafai kukaa muda mrefu bila insulini ya msingi, yaani ile ya kufanya kazi polepole kama glargine.

Sukari ikishuka chini ya 4, mpeni vijiko vinne vya chai vya sukari ndani ya nusu glasi ya maji, au nusu chupa ya soda ya mililita 300, si ile isiyo na sukari. Pimeni tena baada ya dakika 15. Ikiwa bado chini, rudieni. Halua na mahamri msivitegemee hapo: mafuta yake huchelewesha sukari kuingia damuni. Ikipanda, aongeze chakula, nanyi mpime kila nusu saa kwa saa nne za mwanzo, halafu kila saa mpaka zitimie nane. Asiachwe alale peke yake.

Hata hivyo, kwa uniti 24 chakula cha nyumbani pekee hakitoshi. Kwa watu wazima wengi uniti moja humaliza takriban gramu 10 za wanga, na miili hutofautiana. Hesabu hiyo inatoa gramu 240, karibu vijiko 60 vya chai vya sukari. Nani atameza vyote hivyo bila kutapika? Aende hospitali angali anazungumza, apate dripu ya glukosi. Maji yakiwa yamekupwa, msikae kungoja mashua ya Lamu. Hospitali ya Faza iko kisiwani humo humo. Bebeni chupa aliyotumia, mashine na maji ya sukari ya njiani.

Akizimia au akishindwa kumeza, msimtie kitu chochote kinywani. Mlazeni ubavu. Kama mna sindano ya glukagoni, dawa ya kupandisha sukari, mpeni mara moja, na hospitali haina mjadala tena.

Jambo moja husahaulika: akiwa anatumia dawa za presha kama atenololi au propranololi, huenda asitetemeke wala moyo usimwende mbio. Jasho ndilo hubaki. Aminini mashine kuliko uso wake.

Kosa likiwa kinyume, yaani glargine nyingi badala ya Actrapid, hatari huja polepole na huendelea kama saa 24. Daktari aambiwe vilevile.

Kuhusu chupa zenyewe: glargine na Actrapid zote ni maji safi yasiyo na rangi, kwa hiyo rangi haitasaidia kama inavyosaidia kwa Mixtard, insulini ya mchanganyiko yenye ukungu. Fungeni mipira miwili ya raba kwenye chupa ya Actrapid, mkono uitambue hata gizani. Iwekeni chumba kingine, mbali na kitanda, na tochi ikae pamoja na glargine. Kabla ya kuvuta dawa, mama asome jina kwa sauti na mtu wa pili aitike.