Kaboni Nyingine Imekwenda Wapi?

Wiki iliyopita kijana anayesoma shahada ya uzamili ya kemia hapa Dodoma aliniandikia kwa furaha kwamba kichocheo chake, oksidi ya vanadiamu juu ya alumina, kinatumia oksijeni kugeuza propani kuwa propileni kwa uteuzi (yaani sehemu ya propani iliyobadilika ambayo imekuwa propileni) wa asilimia 92, akaniuliza apeleke makala yake jarida gani. Nilimuuliza kama amepima kaboni dioksidi. Hakuwa amepima, na sikumshangaa, kwa kuwa mimi nami niliangukia hapo hapo.

Yangu ilikuwa asilimia 90, na kila aliyeketi nami kunywa chai aliisikia. Siku ya kutetea tasnifu, mtahini wa nje alifunua jedwali langu akauliza: "Kaboni nyingine imekwenda wapi?" Kromatografu yetu ya gesi, mashine inayotenganisha na kupima gesi zilizochanganyika, ilikuwa na kitambuzi cha mwali, ambacho huona hidrokaboni vizuri lakini hakioni kaboni monoksidi wala kaboni dioksidi, nami nilikuwa nimepiga hesabu kwa vile vilivyoonekana tu. Nilipolinganisha kaboni iliyoingia na iliyotoka, uteuzi wa kweli ulikuwa asilimia 41. Msimamizi wangu, aliyesaini kila sura, alikaa kimya siku ile, na kimya kile bado kinaniuma.

Kemia yenyewe haina huruma. Hidrojeni ya kaboni ya kati katika propani hung'olewa kwa takriban kilojuli 410 kwa moli, lakini katika propileni, ile iliyo kwenye kaboni jirani na kifungo maradufu huhitaji kama 370 tu. Oksijeni iliyoweza kuigusa propani itaigusa propileni kwa urahisi zaidi, na usipoidhibiti itaifikisha kwenye kaboni dioksidi.

Kwa hiyo ninyi mnaokimbilia majarida, pimeni gesi zote zinazotoka, kisha pimeni tena. Endesheni pia jaribio la bomba tupu katika joto lile lile, kwa maana kuanzia nyuzi 500 hivi propani na oksijeni huweza kuunguzana zenyewe, na kichocheo kikapewa sifa isiyo yake. Wala msitumie gesi ya mtungi wa jikoni kwa kubana matumizi: ina butani ndani yake, na ile harufu hutokana na kiambata cha salfa kinachoweza kuharibu kichocheo.

Nawe mdogo wangu, ukipata 41, andika 41. Tasnifu yangu ilipita na namba hiyo, miezi minane baadaye.