Daktari akiuliza kama mzee yuko "confused", usikimbilie kusema kachanganyikiwa

Mi kazi yangu ni ukalimani wa hospitali huku Marekani, mara nyingi kwa simu, na wateja wengi ni Wakongo waliopitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, na Watanzania na Wakenya kidogo. Watu wanaotaka kuingia kwenye hii kazi huwa wananiomba istilahi za figo na upasuaji, wakati hizo ukikwama unamwomba daktari aeleze, yanaisha. Yatakayokutoa jasho ni yale maneno ya Kiingereza ya mtu kuvurugika akili au moyo, yaani confused, upset, agitated, disturbed, maana kila mtu anadhani anayajua.

Confused ndio linaloongoza kwa balaa. Daktari akimuuliza binti wa mzee "is he confused?" anachotaka kujua ni kama mzee anajua jina lake, anajua yuko wapi, leo siku gani, kwa nini kaletwa hospitali, na hasa kama hii hali imeanza ghafla. Mzee anaweza kupata maambukizi ya njia ya mkojo tu akaanza kuongea na watu ambao hawapo, na juzi alikuwa mzima kabisa anasali na kutania wajukuu. Hiyo wanaiita delirium na inatakiwa ishughulikiwe haraka, sio dementia ambayo inanyemelea taratibu kwa miezi na miaka. Sasa we uliza "je, mzee amechanganyikiwa?" uone. Binti anasikia umemuuliza kama baba yake ni kichaa, tena mbele ya wageni, atakwambia hapana, baba yuko sawa, na daktari anaandika hapana. Nimeshasikia mtu anakataa hivyohivyo kwa ukali, halafu kidogo tu anasema ila tangu asubuhi ananiita jina la shangazi aliyefariki zamani. Si ndicho kilichokuwa kinaulizwa!

Kwa hiyo uliza kwa kinachoonekana: anajitambua? anajua alipo? maneno yake yanaeleweka? imeanza lini? Ila usifanye kimyakimya, kwa sababu mkalimani haruhusiwi kubuni maswali yake. Mwambie daktari kwanza, "mkalimani anaomba kufafanua, hili neno kwa Kiswahili linaweza kusikika kama ukichaa, je nieleze dalili?" Sijawahi kumsikia daktari akikataa, wengi wanashukuru.

Agitated nayo ina mtego wake. Ukiisikia kwa nesi usiseme mgonjwa ana hasira, ndugu wataanza kuomba radhi bure. Kwa kawaida anamaanisha mgonjwa hatulii, anajigeuzageuza kitandani, anang'ang'ania kuchomoa dripu. "Hatulii" inatosha kabisa. Upset ndio kinyonga, ikiwa kwenye tumbo ni tumbo kuvurugika tu, ikiwa kwa mtu inaweza kuwa hasira, huzuni au kuumia moyo, na ukichagua mwenyewe umeshaongeza chumvi, muulize aliyesema. Disturbed kwenye usingizi haina shida, ni usingizi wa mang'amung'amu, ila ukimwita mtu disturbed umemsema vibaya sana.

Halafu kuna hii ya ndugu zetu wa Kongo, na naipenda. Mtu amesoma Kifaransa, na kwa Kifaransa "déranger" ni kusumbua tu, kama kumgongea jirani mlango usiku. Anataka kujitutumua kwa Kiingereza bila mkalimani, anamwambia daktari hataki "kumderange". Kwa Kiingereza deranged ni mtu aliyerukwa na akili! Ukiwa na ndugu wa namna hiyo mfundishe aseme bother, na amwache derange nyumbani.

Kwenye maswali ya afya ya akili mambo yanakuwa mazito zaidi. Kuna fomu ya maswali 7 ya wasiwasi, GAD-7, swali la kwanza lina maneno "on edge", nimewahi kusikia mtu akitafsiri "uko ukingoni", mgonjwa akajibu hapana niko kitandani. Kiswahili tunayo tayari, roho juu. Umekuwa roho juu wiki mbili hizi? Kila mtu anaelewa, bibi wa Uvira kule Kongo na kijana wa Mombasa. Ila kama hospitali ina fomu ya Kiswahili iliyokwisha kuandaliwa, omba isomwe hiyo, usijitungie.

Na kwa nyie wenye wagonjwa, msimtumie mtoto wa darasa la sita kutafsiri mambo haya. Ataambiwa amuulize mama yake kama anafikiria kujiua, mnataka hilo kweli? Sheria ya haki za raia ya mwaka 1964 inazibana hospitali zinazopokea pesa za serikali kuu, lazima ziwatafutie mkalimani na hamlipi hata senti. Mkifika mapokezi semeni "Swahili interpreter", na kama mnaelewana vizuri zaidi na Kiswahili cha Kongo semeni hivyo mapema, kabla hawajaunganisha simu, maana ukishapewa mtu wa Unguja anayekwambia "subiri kidogo" na wewe umetoka Fizi, mtapotezana dakika kumi nzima kabla ya kufika kwa mgonjwa.