Kabla hujamchoma sindano panya wa kwanza

Juzi nilipata ujumbe wa binti wa Makorora, yuko mwaka wa kwanza wa uzamili. "Shikamoo dada. Nataka kupima kama majani ya mlonge yanakinga kongosho la panya lisivimbe. Nianzie wapi?" Nilikuwa Raskazone, kwa mama. Niliusoma mara mbili, nikaiweka simu chini. Utafiti wenyewe ndio huo huo ulioniliza miaka sita iliyopita, tofauti ni mti tu.

Mimi nilitumia manjano. Niliyaamini tangu utotoni, bibi alitupaka kila tulipojikata. Nikawanywesha panya siku saba mfululizo, ndipo nikawachoma seruleini: mikrogramu 50 kwa kila kilo ya uzito, kila saa, mara 7. Seruleini hulisukuma kongosho kupita kiasi mpaka vimeng'enya vyake vya kusaga chakula vinaamka vingali ndani ya seli, vinaanza kulila kongosho lenyewe. Panya walionyweshwa maji matupu walivimba vibaya. Wangu wa manjano walipata nafuu, na amilezi, kimeng'enya cha kongosho ambacho hupanda kwenye damu likivimba, ikawa chini. Usiku ule nilimpigia mama simu nikilia kwa furaha.

Siku ya kutetea tasnifu yangu, mtahini mmoja aliniuliza: mgonjwa gani anakunywa dawa wiki nzima kabla hajaugua? Nikakosa jibu. Mpaka leo linaniuma, kwa sababu nilikuwa na miaka miwili ya kujiuliza swali hilo mwenyewe.

Mgonjwa wa kongosho anafika hospitali maumivu yameshapenya hadi mgongoni, mara nyingi chanzo kikiwa vijiwe vya nyongo au pombe. Kwa hiyo, mdogo wangu, dawa yako itoe baada ya sindano. Ukishikilia kukinga, tafuta mahali ambapo saa ya madhara inajulikana. Indomethasini, dawa ya kutuliza maumivu na uvimbe, ilipata heshima yake hapo: utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012 ulifuata wagonjwa 602 waliopitishiwa kamera hadi kwenye mlango wa mirija ya nyongo, kazi ambayo yenyewe huweza kulivimbisha kongosho. Waliowekewa dawa kwa njia ya haja kubwa mara tu baada ya hapo, asilimia 9.2 walivimba kongosho. Waliowekewa dawa bandia, asilimia 16.9.

Amilezi nayo usiitegemee peke yake, hupanda na kushuka upesi. Litazame kongosho kwa hadubini, na anayetazama asijue panya yupi alipewa nini. Mimi nilitazama mwenyewe, nikijua, na niliona nilichokuwa nakitamani. Narudia: saa ya kutoa dawa iamue kwanza, iandike kwenye andiko lako la utafiti kabla hujaomba idhini ya maadili. Msione haya kumsumbua msimamizi, vijana. Msikimbilie maabara kwa sababu wenzenu wameshaanza.

Wale panya waliumia kweli. Walikuwa 36, na niliwaua wote kwa swali ambalo hakuna mgonjwa aliyekuwa analiuliza.