Kampuni iliyo kwenye kashfa inapojisafisha: usome nini kabla ya kununua hisa

Mkuu, umeuliza kama uongeze hisa za kampuni iliyo kwenye kashfa kwa kuwa bosi wake kanunua za kwake na bodi imeita mkaguzi wa nje. Kwa hayo mawili tu, usiongeze. Wirecard, kampuni ya Ujerumani ya kuchakata malipo ya kielektroniki, iliyafanya yote.

Oktoba 2019, gazeti la Financial Times lilipozidi kuiandama, Wirecard iliwapa KPMG, kampuni ya ukaguzi wa hesabu, ukaguzi maalumu. Tarehe 22 Aprili 2020 ikatangaza kwamba ushahidi wa kuchezea hesabu haujapatikana. Siku sita baadaye ripoti ikatoka: KPMG hawakuweza kuthibitisha kwamba mapato ya 2016 hadi 2018 yaliyopitia kwa washirika wa nje yalikuwapo, wala kwamba hayakuwapo, maana nyaraka hazikutosha. Hapo ndipo watu wengi hunasa. Achana na taarifa kwa vyombo vya habari, fungua ripoti yenyewe, anza na sehemu ya mipaka ya kazi: nani aliombwa nini, akatoa nini, akachelewesha nini.

Mei 2020 bosi, Markus Braun, akanunua hisa za takriban euro milioni 2.5. Kwako ni utajiri. Kwake, mwenye karibu asilimia 7 ya kampuni nzima, ni vijisenti. Pima ununuzi kwa kile anachomiliki tayari, kisha uliza kama aliwahi kukopa kwa kuweka hisa rehani. Braun aliwahi, euro milioni 150. Mwenye mkopo wa namna hiyo ana kila sababu ya kuogopa bei ikishuka.

Mwekezaji mkubwa naye? SoftBank, kampuni kubwa ya uwekezaji ya Japani, ilitangazwa 2019 kuingia na euro milioni 900 za hati fungani za kugeuzwa hisa, kisha hatari yake ikauzwa kwa wengine kupitia benki ya Credit Suisse. Jina likabaki kwenye matangazo.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni fedha taslimu. Gawanya mapato ya riba kwa wastani wa fedha zilizo benki. Kampuni ya Nairobi ikidai ina shilingi bilioni 2 na riba ya mwaka ni milioni 10, hiyo ni asilimia 0.5, ulizia akaunti za muda maalumu zinalipa ngapi; zikilipa zaidi sana, huenda fedha hizo hazipo. Ulaya ya wakati ule riba ilikuwa karibu na sifuri, kipimo hiki kisingekamata kitu. Huko swali lilikuwa jingine: mbona wenye mabilioni benki wanaendelea kukopa? Euro bilioni 1.9 za Wirecard zilidaiwa kuwa kwenye benki mbili za Ufilipino, na benki zote mbili zikasema hati ni za kughushi. EY, wakaguzi wake wa kila mwaka, wakakataa kusaini hesabu tarehe 18 Juni. Tarehe 25 kampuni ikaomba ufilisi.

Na usiipe sifa kampuni ya soko la hisa la Nairobi kwa kutoa onyo la faida, yaani tangazo kwamba faida itashuka. Faida ikielekea kushuka kwa asilimia 25 au zaidi, kanuni inailazimisha kulitoa. Tazama limetoka lini: likija wiki chache tu kabla ya matokeo, waulize wakurugenzi kwenye mkutano mkuu walianza kujua mwezi gani.