Mkebe wa biskuti unatoa mkwaruzo tu, besi haipo

Swali: Fundi, asalaam alaykum. Nipo Wete. Nimeunda chombo cha kelele kwa mkebe wa biskuti, njiti za mwavuli, springi na nyuzi za waya wa breki ya baiskeli. Ndani nimegandisha kisahani cha piezo (kinachogeuza mtetemo kuwa umeme) kutoka kengele mbovu ya saa. Nikichomeka kwenye miksa napata mkwaruzo mwembamba na mvumo usiokwisha. Kisahani kibovu?

Jibu: Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Kisahani ni kizima. Besi yako inaliwa na tundu la miksa. Kisahani cha milimita 27 ni kama kapasita ya nanofaradi 20 hivi. Kikikutana na tundu la laini lenye ukinzani wa omu 10,000, sauti zote zilizo chini ya hezi 800 hivi huzidi kufifia kadiri zinavyoshuka. Kwenye tundu la omu milioni 1 mpaka huo hushuka hadi hezi 8. Kwanza jaribu tundu la gitaa la amplifaya yoyote: besi ikirudi, umeshajua ugonjwa.

Dawa ya kudumu ni transista moja ya 2N3819 na betri ya volti 9. Miguu yake mitatu ni dreni, geti na sosi. Dreni iende kwenye chanya ya betri. Geti ipokee waya wa kisahani, na rezista ya omu milioni 1 kutoka geti hadi hasi. Sosi ipate rezista ya omu 4,700 hadi hasi, kisha sauti itoke sosi kupitia kapasita ya mikrofaradi 10, upande wa chanya ukielekea sosi. Mpangilio wa miguu hutofautiana kwa mtengenezaji, basi uhakikishe kabla ya kulehemu.

Mvumo ni wa umeme wa nyumba, hezi 50. Huenda mkebe haujaungwa na hasi. Gundi na rangi huzuia umeme, kwa hiyo kwangua rangi mahali pamoja, funga skrubu, uunge waya wa hasi hapo. Kebo iwe yenye wavu: wavu kwenye shaba ya kisahani, waya wa kati kwenye sehemu yake nyeupe. Kabla ya transista isizidi mita 1. Kwenye sehemu nyeupe pasi ya kulehemu isikae zaidi ya sekunde 2, kwani tabaka la fedha hubanduka na halirudi.

Gandisha kisahani kwa gundi inayokauka ngumu, uso wote wa shaba. Silikoni hunyonya mtetemo wenyewe unaoutafuta. Spika ikipiga mluzi, weka mkebe juu ya kipande cha sponji ya godoro. Nyuzi za breki nazipenda kuliko springi, zina mlio mrefu, ila chumvi ya bahari huzila upesi. Zipanguse kwa mafuta ya cherehani kila umalizapo. Na sauti ya miksa ianzie sifuri, maana pigo moja la njiti hutoa volti nyingi kwa ghafla.